Sura ya Tisa: Shamba la Mabomu ya Nta

Joviana aliisukuma mashine ya rada hadi mwisho wa kamba, akasimama, akapangusa kioo cha kompyuta kwa mkono wa sweta. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu, yale manyunyu ya Muleba ambayo hayamlowanishi mtu kwa haraka bali humwingia taratibu mpaka mifupani. Kwenye kioo hapakuwa na la maana. Mistari ya kijivu ilipanda na kushuka, na pale palipotakiwa pawe na upinde mmoja safi, mfano wa nyusi ya mtu, palikuwa na pinde tano, zote zikifanana.

"Hili jiwe," alisema Dakta Mustapha nyuma yake, akielekeza kidole. "Huu mzizi. Hili sijui. Na hili pia sijui."

"Bomu ni lipi?"

"Wewe ndiye uliyelifukia, Mhandisi."

Hawakucheka. Wakati wa kiangazi, ardhi ilipokuwa kavu, maneno kama hayo yangewachekesha wote wawili. Sasa walikuwa wamechoka. Wamechoka na matope, wamechoka na jenereta linalozimika kila saa, wamechoka kuwasubiri vibarua ambao leo wako mazikoni kwa fulani na kesho kwa fulani mwingine. Hakuna aliyewalaumu. Katika miaka ile ya tisini, upande ule wa Kagera, mtu akikosekana kazini hukumuuliza alikuwa wapi. Ulimuuliza amemzika nani.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha rweya, uwanda wa majani mafupi usiolimwa, nyuma ya parokia. Joviana na Dakta Mustapha walikuwa wamelipima kwa kamba na vigingi, kisha wakafukia humo vikopo vya plastiki vyenye umbo la mabomu ya kutegwa ardhini. Ndani ya vikopo, mahali pa baruti, walimimina nta. Visingeweza kumdhuru hata kuku. Lakini watu wa pale waliliita shamba la mabomu, na wanawake waliwakataza watoto wao kukanyaga hata ukingo wake.

Walichokuwa wakitafuta ni rada itakayoona chini ya udongo. Vyombo vya kutafutia mabomu vilikuwapo tangu zamani, vile vinavyolia vikipita juu ya chuma. Ubaya wake ni kwamba hulilia pia msumari, kizibo cha soda na ganda la risasi, na ardhi iliyopiganiwa vita ina maganda ya risasi kuliko mawe. Bomu la plastiki nalo, ambalo chuma chake hakizidi pini, huweza kulipita kimya. Rada ilikuwa na njia nyingine. Ilipeleka mawimbi ya redio ardhini, na mawimbi yakigonga kitu kisichofanana na udongo yalirudi na habari. Kwenye mchanga mkavu habari zilirudi safi. Kwenye udongo huu mwekundu, tena mwaka huu wa mvua ambazo hata wazee hawakukumbuka mfano wake, mawimbi yaliingia yasirudi.

"Njoo ukae kidogo," Dakta Mustapha alimwambia.

Walikaa chini ya turubai, juu ya sanduku la betri. Dakta Mustapha alikuwa mtu wa Kondoa, mpole, mwalimu wake wa zamani chuo kikuu. Alikuwa na tabia ya kusafisha miwani yake kabla ya kusema jambo zito. Aliisafisha muda mrefu.

"Simu ilikuja parokiani jana. Wafadhili wanasema tumewaonyesha mahali rada inaposhindwa, na hilo nalo ni jibu. Sasa wanataka tuhamie Msumbiji. Kule ni mchanga, na mabomu ya kweli yako ardhini yanangoja watu."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili. Pengine zaidi. Tunaondoka kabla ya Krismasi." Akavaa miwani. "Mimi naweza kuisukuma mashine, Joviana. Kuisoma kama unavyoisoma wewe siwezi. Unalijua hilo."

Alilijua.

Alipofika nyumbani alikuta mlangoni viatu vya mgeni, viatu vya kanisani, vimepanguswa tope kwa uangalifu. Sebuleni alikuwa ameketi Ta Karugendo, mzee anayeheshimiwa kijijini, na mbele yake kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kilichofungwa jani jipya la mgomba mdomoni. Mama yake Joviana, Ma Bernadeta, alikuwa amemwekea mgeni kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Joviana alipiga magoti, akamwamkia mzee, na moyo wake ukaanza kwenda mbio. Mzee wa umri ule havuki bonde na kibuyu cha pombe kwenye mvua kwa ajili ya kumjulia mtu hali.

"Ametumwa na Buberwa," mama alisema, bila kumtazama.

Jina hilo lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile kwa miaka mingi.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vya Kagera vilipokwisha na watu wakaanza kurudi makwao, baba yake Joviana alikuwa na ng'ombe wachache aliowaweka kwa shemeji yake karibu na Kyaka. Buberwa, kijana wa jirani, alikwenda kuwatafuta. Nathanieli, mdogo wake Joviana, akaomba wafuatane. Huko uwandani Nathanieli alikanyaga bomu, akafa palepale. Buberwa alikimbia kumnyanyua, akakanyaga la pili. Alirudi Muleba miezi mingi baadaye, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti.

Ma Bernadeta hakuwahi kumtukana. Alichosema alikisema mara moja tu, siku Buberwa alipokuja kutoa pole kwa magongo: "Kila nitakapokuona unatembea, nitakumbuka yupi hatembei." Na miaka mitatu baadaye, alipogundua kwamba binti yake na yule kijana wanapendana, alifunga mlango. Joviana akaenda kusoma Dar es Salaam, kisha Ulaya. Akarudi, akaenda tena. Buberwa akajifunza useremala. Hakuoa. Watu walisema mengi juu ya mwanamume asiyeoa, na yeye aliwaacha waseme.

"Nimemwambia Ta Karugendo kwamba nimekubali," mama alisema.

Joviana alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Umesikia."

Ta Karugendo alitikisa kichwa taratibu. "Waitu, jamani, hata mimi sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kurudi na kibuyu changu."

Mzee alipokwisha kuaga, mama na binti walibaki wawili. Kutoka uani zilisikika sauti za wajukuu wakigombania kitu, kisha wakicheka. Wote walikuwa watoto wa dada zake Joviana. Dada wa kwanza alikufa mwaka wa themanini na nane, wa pili mwaka wa tisini na mbili, na waume zao waliwatangulia. Makaburi yao yalikuwa hapohapo kibanjani, chini ya migomba. Joviana ndiye mtoto pekee aliyebaki kati ya wale ambao Ma Bernadeta aliwazaa.

"Kwa nini leo, mama?"

Ma Bernadeta alikuwa ameanza kuchambua maharage kwenye ungo. Alitupa jiwe moja dogo nje ya mlango.

"Kwa sababu nimechoka kumchukia."

Joviana aliketi karibu yake.

"Kuchukia ni kazi, mwana wange. Kunataka nguvu. Unaamka, unalisha watoto, unakwenda kuzika, unarudi, unapalilia. Halafu jioni ukumbuke tena kwamba ng'ambo ya bonde kuna mtu unayetakiwa kumchukia. Siwezi tena. Nguvu zilizobaki ni za watoto." Akatupa jiwe jingine. "Na tena nilifikiri hivi. Ukiolewa hapo ng'ambo, utakuwa karibu. Hata nikifa kesho, watoto hawa wana mtu."

Maneno ya Msumbiji yalikuwa tayari kinywani mwa Joviana. Aliyameza. Alichukua ungo kutoka magotini mwa mama yake, akaendelea kuchambua maharage yeye, kwa sababu mikono ilitaka kazi na macho yalitaka mahali pa kutazama.

Kesho yake alivuka bonde.

Karakana ya Buberwa ilikuwa banda la mabati kando ya barabara. Zamani, alipoanza kazi, alitengeneza vitanda, milango na madawati ya kanisa. Tangu ulipoingia ukimwi, ugonjwa ambao watu waliubatiza Juliana, kazi yake kubwa ikawa majeneza. Alikuwa ametengeneza mengi kiasi kwamba hakuhitaji tena kupima. Alimtazama tu ndugu wa marehemu, akauliza alikuwa mrefu kama nani.

Joviana alimkuta anapiga randa ubao. Alisimama mlangoni bila kubisha, akamtazama. Mabega yalikuwa yaleyale. Nywele zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio. Alisimama kwa namna yake ya siku zote, uzito wote juu ya mguu mzima, ule wa mti umeegeshwa pembeni kama kitu alichoazimwa. Alipoinua macho na kumwona, randa ilisimama. Walitazamana. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wamejifunza kusalimiana kwa macho tu, kanisani, sokoni, mazikoni, na macho yale yalikuwa yamezoea kusema upesi na kukimbia. Leo hayakukimbia.

"Amekubali," alisema Buberwa.

"Amekubali."

Tabasamu lilikuja usoni mwake polepole, kama kwa mtu aliyesahau linakopitia. "Ta Karugendo alirudi anacheka peke yake njiani. Nilidhani ameionja ile lubisi."

Joviana alicheka, na kucheka kulimuuma.

"Ingia, ukae. Kuna jambo nataka ulijue kwanza." Alimfutia stuli kwa kiganja. "Kabla ya kumtuma mzee nilikwenda hospitali ya Ndolage kupima. Sina ugonjwa."

"Hukuniambia kwamba unakwenda."

"Majibu yangekuwa mengine nisingemtuma. Na wewe usingejua kamwe kwamba nilitaka."

Alilisema hilo bila kujionea huruma, kama anayeeleza ubao upi unafaa na upi haufai. Joviana alitazama vumbi la mbao lililomgandia Buberwa kwenye nyusi, akatamani kulipangusa. Mkono ulifika nusu ya njia, ukarudi. Alijua asiposema sasa hatasema.

"Na mimi walinipima kabla ya kwenda masomoni, na tena niliporudi. Niko salama." Akavuta pumzi. "Buberwa, mradi unahamishwa. Unakwenda Msumbiji."

Buberwa aliokota randa, akaipuliza vumbi. "Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Mpaka?"

"Miaka miwili."

"Umekubali?"

"Sijajibu."

"Sikukuuliza kama umejibu."

Nje lilipita lori likirusha maji ya madimbwi. Buberwa alingoja kelele zipite. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angefoka.

"Miaka yote hii nilidhani anayetuzuia ni mama yako."

Joviana aliinuka. "Usiseme hivyo. Wewe kuliko mtu yeyote unajua kwa nini nafanya kazi hii."

"Najua. Sababu yake naivaa kila asubuhi, naifunga mikanda, inanichubua goti. Sina haja ya kukumbushwa."

"Basi mbona hujaja hata mara moja kuona? Tuko hapo nyuma ya parokia tangu kiangazi. Watu wametoka Bukoba mjini wakaja kutazama. Wewe ni kuvuka bonde tu, na hukuvuka."

"Nije nione nini, Joviana? Yale unayoyafukia mchana mimi nayakanyaga usingizini."

"Ni nta. Ni plastiki na nta."

"Mguu haujui kwamba ni nta."

Buberwa aligeukia ubao wake, akauelekezea randa, lakini hakuisukuma. Joviana alisimama akimtazama mgongo. Alitaka aseme kwamba hata yeye amechoka, kwamba kila nchi aliyokwenda alikuwa na chumba chenye kitanda kimoja na dirisha, na kwenye dirisha hilo alikuwa akiliona bonde hili. Alichosema kilikuwa kidogo.

"Sikukuomba uningoje."

"Hukuniomba," alisema Buberwa. "Ni kweli."

Joviana akaondoka.

Siku zilizofuata walifukua shamba. Padre alikuwa amewaazima ardhi kwa sharti la kuirudisha safi, na hata asingesema, Joviana mwenyewe asingeondoka akaacha kitu. Aliwajua watu wake. Kikopo kimoja kikibaki ardhini, kiwe cha nta, kiwe cha uji, hakuna atakayechunga mbuzi pale kwa miaka ishirini. Walifuata ramani, wakachimba, wakatoa. Kimoja hakikuonekana. Maporomoko madogo ya mvua yalikuwa yamesogeza udongo upande wa chini, na kigingi chake kilikuwa kimekwenda na maji.

Asubuhi ya siku ile Dakta Mustapha alikuwa ameteremka Bukoba kutafuta lori la kubebea masanduku. Vibarua walikuwa wamekwenda maziko ya mama mmoja wa jirani. Joviana alikuwa peke yake na mashine, akiivuta kwenye matope upande wa mbali wa shamba, aliposikia kengele ya kanisa ikinyamaza. Baada ya muda akaona mtu anakuja kutoka upande wa makaburi.

Alimjua kwa mwendo kabla ya kumjua kwa sura. Buberwa alikuwa amevaa koti lake jeusi la mazikoni. Alifika ukingoni mwa shamba, kwenye kamba ya kwanza, akasimama.

"Zunguka," Joviana alimwambia kwa sauti. "Njia iko huku chini."

"Nitapita hapa."

"Buberwa, kuna moja halijaonekana."

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

Akavuka kamba. Aliutanguliza mguu mzima, kisha akauvuta ule wa mti, ukazama kwenye tope mpaka kwenye mkanda, akauchomoa. Alipiga hatua nyingine. Joviana aliona jinsi alivyokuwa akitazama kila mahali kabla ya kukanyaga, jinsi midomo ilivyokuwa ikienda bila sauti. Yeye ndiye aliyemimina nta ile kwa mikono yake, jikoni kwa mama yake, kwenye sufuria ya maziwa. Alijua hakuna kitakacholipuka. Hata hivyo aligundua kwamba ameacha kupumua.

Katikati ya shamba Buberwa alisimama. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni pamoja na manyunyu. Joviana aliuachia mkono wa mashine.

"Nakuja," alisema.

"Usije. Ningoje."

Akangoja. Haikuwa rahisi. Kila kiungo kilitaka kwenda kumshika, na alisimama mikono ikimning'inia, akamtazama mtu aliyempenda akitetemeka kama mgonjwa wa homa juu ya shamba la nta. Alifikiri: hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Buberwa miaka yote ile, kusimama na kumtazama mtu aliye mbali. Buberwa alifumba macho, akafumbua, akauchomoa mguu wa mti, akaja. Alikuja mpaka alipofika mbele yake, na alipofika hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akauweka uso wake begani mwa Joviana, na Joviana akausikia moyo wake ukipiga kwa nguvu kupita koti, kupita sweta.

Walikaa hivyo. Hakuna aliyejali kama kuna anayewaona kutoka parokiani.

"Nionyeshe basi," Buberwa alisema baadaye, akijipangusa uso. "Nionyeshe inavyofanya."

Joviana aliiwasha kompyuta. Aliivuta mashine polepole juu ya kipande kilichobaki, na Buberwa akatembea kando yake akitazama mistari ya kijivu. Joviana akamwonyesha upinde mmoja, akamwonyesha wa pili, akamwonyesha wa tatu.

"Lipo wapi?"

"Hapa. Au pale. Au pale kwenye kichuguu."

"Kwa hiyo haijui."

"Haijui bado."

Buberwa alilitafakari neno hilo la mwisho. Kisha akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, akakunja suruali, akafungua mikanda, akauweka mguu wa mti kando. Asingeweza kupiga magoti nao. Akajivuta mpaka mahali pa kwanza, akaomba mwiko wa kuchimbia. Joviana alimfundisha namna ya kuuingiza ubavuni, kwa mshazari, bila kusukuma. Mikono yake ilijifunza upesi, maana ilikuwa mikono ya seremala. Mahali pa kwanza walikuta mzizi. Wakahamia mahali pa pili. Walichimba bega kwa bega, magoti yamelowa, bila kusemezana, na hakuna siku katika maisha yao waliyokuwa wamekaa pamoja muda mrefu kiasi kile.

Ncha ya mwiko wa Buberwa iligusa kitu laini. Akauzuia mwiko. Joviana alinyoosha mkono.

"Nitoe mimi?" alimuuliza.

"Hapana."

Alikwangua udongo kwa vidole, akakizunguka, akakiinua. Kilikuwa kikopo cha rangi ya majani, hakizidi kisahani cha chai, kimejaa tope kwenye mifuo. Alikiweka juu ya kiganja. Alikipandisha na kukishusha, kama mtu anayepima nyama buchani.

"Chepesi hivi," alisema.

Joviana alikipangusa tope kwa kidole.

"Nilidhani kitakuwa kizito. Miaka yote hii nilidhani ni kitu kizito." Aliendelea kukitazama. "Nathanieli alikuwa anacheka, Joviana. Hilo sikuwahi kukuambia, sijui kwa nini. Alimwona yule ng'ombe mwekundu wa baba yako kwa mbali, akakimbia. Nilimwita. Aligeuka, akacheka, akaendelea kukimbia. Alikuwa na furaha."

Ndipo Joviana alipolia. Hakulia kwa kelele. Alilia kama mvua ile ilivyokuwa ikinyesha, na Buberwa alimwacha alie. Hakumpangusa wala hakumbembeleza. Aliweka tu mkono wake wenye tope juu ya mkono wa Joviana.

"Nenda," alimwambia.

"Buberwa..."

"Nilikasirika. Hata sasa bado nimekasirika kidogo, sitakudanganya. Lakini nenda ukaifundishe. Isibaki hivyo, haijui." Akakiweka kikopo kwenye majani, mbali kidogo nao. "Uende ukiwa mke wangu lakini. Padre atatangaza Jumapili hii nikimwomba. Huko wakikuuliza una nani, usisite kuwajibu."

"Ni miaka miwili."

"Usiniambie miaka. Niliacha kuhesabu zamani."

"Na mama? Alikubali kwa sababu alidhani nitakaa."

"Twende tukamwambie pamoja. Akinifukuza, nimeshazoea."

Joviana alimpa mguu wake wa mti, akamsaidia kufunga mikanda kwa mara ya kwanza. Vidole vyake havikujua njia, na Buberwa alimwonyesha ni tundu gani la mkanda, akiwa ametazama pembeni kwa aibu ya mtu ambaye hajawahi kuonwa akiuvaa.

Ma Bernadeta alikuwa uani, akimenya ndizi juu ya jani. Aliwaona wanakuja wakiwa na matope mpaka kifuani, akaendelea kumenya. Joviana alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote tangu mwanzo mpaka mwisho: Msumbiji, miaka miwili, rada, na kwamba anaolewa kwanza. Buberwa alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Katikati ya maelezo kisu kilisimama, na hakikuendelea.

"Huko nako," mama aliuliza alipokwisha kusikia, "watoto wanakanyaga?"

"Wanakanyaga, mama."

Ma Bernadeta alitazama migomba. Alitazama kule chini yake walikolala watoto wake. Kisha akainua macho kwa Buberwa. Alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya magongo.

"Na wewe umemruhusu?"

"Nimemruhusu, mama."

"Nani atanisaidia na hawa watoto?"

"Nitakuja mimi. Kila siku nikitoka kazini nitapita hapa."

"Umelowa," alisema Ma Bernadeta. "Unaonekana umechoka."

"Ego, mama," aliitikia Buberwa. "Nimechoka."

Mama alikivuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wake.

"Kaa basi, mkwe wangu. Ndizi bado hazijawekwa motoni."